Mpaka wa dawa ya hospitali na mitishamba ni kipimo, wala si chimbuko

KWA miaka mingi mjadala kuhusu tiba nchini umekuwa wa kambi mbili. Kuna wanaoshikilia kwamba dawa ya kweli hutoka hospitalini pekee, na kuna wanaoamini kwamba mizizi, magome na majani yaliyowaponya babu zetu yanatosha kutuponya hata sisi.

Ukweli ni kwamba kambi hizo hazitengani kama wafuasi wake wanavyodhani. Tembe ambazo mgonjwa wa malaria hupewa katika zahanati zetu zina asili katika jani chungu lililotajwa na tabibu mmoja wa Uchina karne ya nne.

Kisa cha jani hilo kinafaa kukumbukwa sasa kwa sababu dawa iliyotokana nalo imeanza kutikiswa katika kanda hii yetu. Aidha, kinatufunza kwamba swali la kuulizwa kuhusu dawa yoyote si ilikotoka, bali ni nani ameipima na kwa kiasi gani.

KITABU CHA KALE

Mnamo Mei 23, 1967, serikali ya Uchina ilianzisha mradi wa siri ulioitwa 523, jina lililotokana na tarehe hiyo: mwezi wa tano, siku ya 23. Vita vya Vietnam vilikuwa vimepamba moto na malaria ilikuwa ikiwaua wanajeshi. Klorokwini, dawa iliyotegemewa wakati huo, ilikuwa imeanza kushindwa katika nchi za Kusini Mashariki mwa Asia.

Mwaka wa 1969 mtafiti Tu Youyou, wa taasisi ya tiba za jadi jijini Beijing, alijumuishwa katika mradi huo. Yeye na wenzake walichunguza zaidi ya dawa 2,000 za kienyeji, kisha wakawajaribia panya zaidi ya sampuli 380 zilizokamuliwa kutoka kwa mimea mbalimbali.

Mmea wa artemisia ulionyesha dalili njema, lakini matokeo hayakurudiwa. Leo dawa ilifanya kazi, kesho ikashindwa. Hapo ndipo Tu aliporejelea kitabu cha Ge Hong, tabibu wa karne ya nne, aliyeagiza mmea huo uloweshwe majini, ukamuliwe, kisha maji yake yanywewe. Hakusema uchemshwe.

Tu alitambua kwamba huenda moto ndio uliokuwa ukiiharibu dawa. Alianza kutumia etha, kioevu kinachochemka kwa joto la chini mno, na mnamo Oktoba 1971 sampuli yake iliwaponya panya wote waliojaribiwa. Mwaka uliofuata, yeye na wenzake walijitolea kuinywa kwanza kabla ya kupewa wagonjwa. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka wa 2015.

Watafiti hao hawakukidharau kitabu cha kale, wala hawakukiamini kibubusa. Kitabu kiliwaonyesha mlango. Kipimo ndicho kilichoufungua.

Wala hiyo haikuwa mara ya kwanza. Kwinini, dawa nyingine maarufu ya malaria, ilitolewa katika gome la mti wa Amerika Kusini na wanakemia wawili wa Ufaransa mwaka wa 1820, baada ya gome lenyewe kutumiwa kwa miaka mingi.

DAWA ILIYOTUFAA

Kenya iliihitaji dawa hiyo ya Wachina kwa dharura. Klorokwini ilikuwa imepoteza makali, na mwaka wa 1998 serikali ikaiondoa na kuweka dawa za aina ya Fansidar. Hizo nazo hazikudumu. Mwaka wa 2004 sera ilibadilishwa tena, na kuanzia 2006 wagonjwa wakaanza kupewa mseto wa artemether na lumefantrine, unaofahamika na wengi kama Coartem.

Katika miaka hiyo wakulima wa nyanda za juu za Afrika Mashariki walianza kupanda artemisia, na kiwanda cha kukamua dawa hiyo kikajengwa Athi River. Jani la Uchina likawa zao la shambani kwetu.

Ukaribu huo ulizaa wazo ambalo halijafa hadi leo: ikiwa dawa inatoka kwenye jani, kwa nini nisichume jani, nikachemsha chai, nikanywa, nikaokoa fedha zangu?

KWA NINI CHAI HAITOSHI

Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa msimamo kuhusu suala hilo mwaka wa 2012, na likaurudia mwaka wa 2019. Halipendekezi chai wala unga wa artemisia kwa kutibu au kuzuia malaria. Sababu zake si dharau kwa tiba za jadi.

Kwanza, kiasi cha dawa ndani ya jani hubadilika kulingana na mbegu, udongo, wakati wa kuvuna na namna ya kukausha. Pili, kiini chake, artemisinin, hakiyeyuki vizuri majini. Anayekunywa kikombe kimoja hawezi kujua amekunywa dawa kiasi gani.

Tatu, na hili ndilo zito zaidi, kiini hicho huua vimelea vya malaria kwa kasi lakini hutoweka katika damu baada ya saa chache. Ndiyo maana katika tembe huambatanishwa na dawa ya pili, inayosalia mwilini kwa siku kadhaa ili kuvimaliza vimelea vilivyobaki. Chai haina mseto huo uliopimwa.

Mgonjwa anaweza kupata nafuu, homa ikashuka, akadhani amepona. Vimelea vichache vilivyosalia huzaana, na ugonjwa hurudi. Kwa mtoto mchanga au mama mjamzito, kurudi huko kunaweza kuwa kifo.

USUGU WABISHA HODI

Hatari ya pili si ya mgonjwa mmoja bali ya jamii nzima. Vimelea vinavyokutana na dawa hafifu bila kufa ndivyo vinavyopata nafasi ya kuenea, na hivyo usugu kuzidi. Ni kwa sababu hiyo WHO iliyataka makampuni, mnamo Januari 2006, yaache kuuza tembe zenye artemisinin pekee bila dawa ya pili.

Usugu dhidi ya dawa hiyo ulithibitishwa kwanza magharibi mwa Cambodia mwishoni mwa miaka ya 2000. Afrika ilijiona salama, lakini si kwa muda mrefu. Mwaka wa 2020 watafiti walitangaza kuonekana kwa vimelea vyenye mabadiliko ya usugu nchini Rwanda, mwaka wa 2021 kaskazini mwa Uganda, na mwaka wa 2024 katika mkoa wa Kagera, Tanzania. Zote ni nchi jirani, na mbu na wasafiri hawaulizwi pasipoti.

Hata hivyo, hakuna haja ya kutiana hofu. Usugu unaozungumziwa ni wa kiasi: vimelea huchukua muda mrefu zaidi kuondoka damuni, lakini wagonjwa wengi bado hupona kwa sababu dawa ya pili hufanya kazi yake. Wasiwasi ni kwamba dawa hiyo ya pili ikishindwa pia, tutajikuta palepale tulipokuwa enzi za klorokwini.

Watafiti hawajalala. Mnamo Novemba 2025 kampuni ya Novartis ilitangaza matokeo mazuri ya majaribio ya mseto mpya wa ganaplacide na lumefantrine, usio na artemisinin, uliojaribiwa katika nchi kadhaa za Afrika. Lakini safari ya dawa kutoka majaribioni hadi zahanati ya kijijini si ya siku moja.

LAWAMA SI YA UPANDE MMOJA

Ni rahisi kuwalaumu wauza mitishamba. Mwaka wa 2011 maelfu ya watu, wakiwemo Wakenya, walimiminika katika kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa Sh500 za Tanzania. Mnamo Aprili 2020 Madagascar ilizindua kinywaji chenye artemisia kwa ajili ya Covid-19 kabla ya majaribio kuthibitisha kwamba kinafaa.

Lakini watumiaji wa dawa za hospitali nao wana lao. Dozi kamili ya Coartem kwa mtu mzima ni tembe 24: nne asubuhi na nne jioni kwa siku tatu. Anayeacha siku ya pili kwa kuwa homa imeshuka, na kumwekea jirani tembe zilizosalia, hana tofauti kubwa na mnywaji wa chai. Wote wawili wanavipa vimelea dawa pungufu. Vivyo hivyo muuza duka anayegawa tembe bila mgonjwa kupimwa damu.

GOME NDANI YA CHANJO

Anayedhani sayansi mpya imeyapa mgongo mashamba na misitu atazame chanjo za malaria. Chanjo ya RTS,S ilianza kutolewa kwa watoto wa magharibi mwa Kenya mnamo Septemba 2019, katika mradi wa majaribio, na WHO ikaipendekeza Oktoba 2021. Ya pili, R21, ilipendekezwa Oktoba 2023. Chanjo zote mbili huongezewa nguvu kwa kiungo kinachokamuliwa katika gome la mti wa Chile uitwao quillaja.

Sheria ya Afya ya mwaka 2017 ina sehemu mahsusi kuhusu tiba za jadi na tiba mbadala. Hata hivyo, kilio cha wengi ni kwamba mimea yetu, kuanzia mwarobaini hadi muiri, inasifiwa zaidi ya inavyopimwa.

Kwa sasa, mwenye homa na apimwe damu kwanza. Akipatikana na malaria, ameze tembe zote, tena baada ya kula chakula chenye mafuta kidogo au kunywa maziwa, kwani lumefantrine hufyonzwa vyema zaidi hivyo. Na ikiwa anatumia mitishamba, amweleze daktari bila kuona haya.

Daktari naye asimcheke. Tembe anazompa zilianzia kwa tabibu wa mitishamba.