Uwiano wa picha

Uwiano latokana na kitenzi kuwiana. Katika video hutaja upana wa picha ukilinganishwa na kimo chake, upana ukitangulia: nne kwa tatu (4:3) katika televisheni za zamani, kumi na sita kwa tisa (16:9) katika za sasa. Baadhi ya wafasiri huandika ukubwa mahali pake. Lakini ukubwa ni hesabu ya nukta, ilhali uwiano ni umbo.

Chukulia familia mbili, moja ya Kibaha na nyingine ya Kisarawe, zenye mkanda wa harusi uliorekodiwa kwa kamera ya dijitali ya zamani katika mfumo wa PAL, uliotumika Tanzania. Kila fremu ina nukta 720 kwa upana na 576 kwa kimo. Mwanafunzi akigawanya hupata 5:4. Kisha husoma katika mwongozo kwamba picha ni 4:3, akadhani mwongozo umekosea. Haukukosea. Nukta za mkanda huo si za mraba, bali zimepanuka kidogo, na skrini ya kompyuta hutumia za mraba. Kwa hiyo fundi anayesimba video upya ama huifanya 768 kwa 576, ama huacha nukta zilivyo na kuandika uwiano wa 4:3 ndani ya faili.

Asipofanya lolote, watu hukonda kidogo. Akiivuta picha ijaze skrini ya 16:9, kila mtu hupanuka kwa theluthi moja, na bibi aliyekwisha kufariki, ambaye wajukuu wanamjua kwa mkanda huo tu, hubaki na sura isiyo yake. Katika skrini ya 1920 kwa 1080 picha hiyo huchukua nukta 1440 za upana. Pande mbili zinazobaki, 240 kila moja, huwa nyeusi. Weusi huo si kasoro, ingawa wateja huulalamikia. Kipimo rahisi ni uso wa ngoma uliorekodiwa kutoka mbele: ukiwa kama yai, uwiano umeharibika.

Kusimba, tulilolitumia hapo juu, ni kugeuza picha kuwa msimbo. Kinyume chake, kusimbua, ndicho kilichozaa kisimbuzi, jina la pili la king'amuzi, kifaa kilichoenea baada ya mitambo ya analojia kuanza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012.

Si sahihi: Badili ukubwa wa video uwe 4:3.
Sahihi: Weka uwiano wa 4:3, ukubwa uwe nukta 768 kwa 576.