Masomo: Ramani ya mawazo, njia ya kuwasaidia wanafunzi kusema Kifaransa bila kukariri

Wanafunzi wengi wa Goma, Bukavu ao Bunia wanafika mwisho wa sekondari wakijua kuandika Kifaransa, lakini mwalimu akiwaomba waseme dakika mbili tu mbele ya wenzao, wananyamaza. Maneno wanayo. Wanaogopa kukosea na kuchekwa. Na kwenye Exetat kuna mtihani wa kusema Kifaransa.

Kuna njia moja isiyoomba pesa, chaki tu: ramani ya mawazo, ile Wafaransa wanaita "carte mentale". Mwingereza Tony Buzan ndiye aliifanya ijulikane sana tangu mwaka wa 1974, kupitia vipindi vya televisheni ya BBC.

Mwalimu anaandika neno moja katikati ya ubao, tuseme "marché". Wanafunzi wanataja yanayowajia kichwani: samaki, bei, mvua, wezi. Kila jambo linapata tawi lake, na tawi linazaa matawi madogo. Kwa samaki kutatoka sambaza, kupima, kukaanga. Neno wasilojua kwa Kifaransa wanalisema kwanza kwa Kiswahili, kisha darasa lote linalitafuta.

Halafu wanakaa wawiliwawili. Mmoja anaelezea siku yake sokoni akiangalia ubao, mwenzake anamuuliza: kwa nini bei imepanda? Ulipunguziwa? Akikwama, anaruka kwenye tawi lingine na mazungumzo yanaendelea. Hapo ndipo ramani inashinda mazungumzo yaliyoandikwa kabisa kitabuni, ambayo wanafunzi wanayasoma kwa sauti bila hata mmoja kumsikiliza mwenzake.

Walimu wengine wanaiharibu kwa kuandika sentensi nzima kwenye matawi. Inakuwa imla tena. Wengine wanaweka majina ya vitu peke yake, na mwanafunzi anataja "poisson, prix, pluie", kisha anasimama. Vitendo vinapaswa kuwa pale: kuuza, kubishana, kurudisha. Ndivyo vinavyobeba mazungumzo.

Darasa lenye wanafunzi wengi litapiga kelele, hilo ni kweli. Prefe akipita nje anaweza kuwaza mwalimu hayuko. Na kusahihisha kila kosa papo hapo kunafunga vinywa upya, kwa hiyo ni vizuri mwalimu aandike makosa pembeni na kuyarudilia mwishoni.

Dakika za mwisho, anafuta tawi moja kisha lingine, huku wanafunzi wakiendelea kusema, mpaka ubao unabaki na neno la katikati tu.