Mnanaha: Mgeni Mwenye Sumu Bustanini

Mvua za kwanza zinyeshapo, bustani hujaa mimea ambayo hakuna aliyeipanda. Mingine ni mboga njema, kama mchicha na mnavu, nayo huchumwa na kuliwa. Mingine ni magugu tu. Lakini iko michache yenye sumu kali, na mmojawapo ambao yampasa kila mwenye shamba kuujua ni mnanaha, ambao wengine huuita muranha.

Asili ya mnanaha ni Amerika, nao sasa umeenea katika nchi nyingi za dunia. Hapa Kenya hupenda kuota penye udongo wenye rutuba: karibu na boma la ng'ombe, jaani, kando ya njia, na katikati ya mahindi na maharagwe. Ukiwa bado mchanga, majani yake huweza kudhaniwa kuwa ya mnavu. Wala si ajabu, kwani mimea hii miwili ni ya jamii moja, pamoja na nyanya, viazi ulaya na tumbaku.

Kosa hili limewapata watu wengi tangu zamani. Mwaka 1676, huko Jamestown katika Virginia, askari wa Kiingereza walichuma majani machanga ya mnanaha, wakayapika kama mboga. Yasimuliwa kwamba walirukwa na akili kwa muda wa siku 11, na walipopata nafuu hawakukumbuka lolote lililotukia.

Atakaye kuutambua mmea huu asitazame jani peke yake. Jani la mnanaha lina ncha kubwa zilizochongoka pembeni, na likifikichwa hutoa harufu mbaya. Ua lake ni refu kama tarumbeta, jeupe au la zambarau, hali ua la mnavu ni dogo kama nyota. Mnavu huzaa vitunda laini vya mviringo. Tunda la mnanaha lina miiba, na likikauka hupasuka sehemu nne na kumwaga mbegu nyingi nyeusi.

Sumu imo katika kila sehemu ya mmea, hasa katika mbegu, na kupika hakuiondoi. Aliyekula hukauka kinywa, mboni za macho hupanuka, moyo humwenda mbio, mwili huwa moto, na huanza kusema maneno yasiyo na maana au kuona vitu visivyokuwapo. Huweza hata kufa. Mtu wa namna hiyo asidhaniwe kuwa amelogwa au amelewa. Wala asitapishwe, na maziwa si dawa ya sumu hii. Apelekwe hospitali upesi, na anayempeleka achukue kipande cha mmea au mabaki ya chakula ili mganga aone kilicholiwa.

Hatari nyingine imo katika nafaka. Mbegu za mnanaha zikivunwa pamoja na mazao, husagwa pamoja nayo. Mwaka 1919 ni mbali, lakini mwaka 2019 si mbali: huko Karamoja, Uganda, watu karibu 300 waliugua na watano wakafa baada ya kula unga wa msaada uliokuwa na sumu ya namna hii. Kwa hiyo yafaa maharagwe na nafaka zipepetwe na kuchaguliwa vizuri katika ungo kabla ya kupikwa au kupelekwa kinuni.

Dawa iliyo bora ni kung'oa mnanaha kabla haujatoa maua. Mbegu zake huishi ardhini miaka mingi. Huko Marekani, mbegu zilizofukiwa mwaka 1902 zilikuwa bado hai baada ya miaka 39. Anayeng'oa asijifikiche macho, na anawe mikono kwa sabuni. Mmea uliong'olewa usichanganywe na majani ya ng'ombe, wala usitiwe jikoni kuwa kuni, kwa maana hata moshi wake una sumu.

Watoto nao waonyeshwe mmea huu na kukatazwa kuchezea matunda yake. Na mama apikaye akiona jani asilolijua, aliache kando mpaka amwulize mzee anayezijua mboga, au Bwana Shamba. Kukosa mboga siku moja ni hasara ndogo.