Umepasuliwa kupunguza uzani? Tahadhari na vyakula vya kukaangwa

TUSEME ulifanyiwa upasuaji wa kupunguza uzani miezi mitatu iliyopita. Nguo zako zote zimekuwa kubwa, magoti hayaumi tena na daktari amekupunguzia dawa za presha. Kisha unaalikwa harusini. Unaletewa sahani ya pilau, chapati mbili na paja la kuku wa kukaangwa, na shangazi yako amesimama kando akingoja kukuona ukila. Kwa heshima yake, unakula robo ya chapati na vipande viwili vya kuku. Haipiti nusu saa kabla ya kifua kukubana, jasho kukutoka na mate kukujaa kinywani. Unalazimika kuinuka mbio kutafuta choo.

Hali hii huwapata wengi waliopitia upasuaji wa aina hii. Baadhi yao hudhani kwamba mshono umefumuka. Wengine huapa kutoonja tena chakula kilichopita kwenye karai. Wapo pia wanaojaribu tena baada ya miezi michache, wakaona hawakudhurika, na polepole wakarejelea mazoea yao ya zamani. Msomaji, kabla hujajikuta katika mojawapo ya makundi haya, yafaa ujue ni nini hasa kilichobadilika tumboni mwako.

Tumbo jipya

Upasuaji unaofanywa sana siku hizi ni wa aina mbili. Katika aina ya kwanza, daktari huondoa kabisa takriban robo tatu au zaidi ya mfuko wa tumbo na kuacha mrija mwembamba wenye umbo la ndizi.

Katika aina ya pili, mfuko wa tumbo hugawanywa, na sehemu ndogo ya juu isiyozidi ukubwa wa yai huunganishwa moja kwa moja na utumbo mwembamba. Chakula huruka sehemu kubwa ya tumbo pamoja na mwanzo wa utumbo. Mbinu hii ilianzishwa na Dkt Edward Mason katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, miaka ya 1960, na imerekebishwa mara nyingi tangu wakati huo.

Kila aina ina namna yake ya kukataa mafuta.

Mafuta hayachanganyiki na maji. Ili mwili uyasage, huhitaji nyongo kutoka kwenye ini, ambayo hufanya kazi kama ya sabuni kwenye sufuria yenye masizi ya mafuta. Huhitaji pia majimaji yatokayo kwenye kongosho. Kwa aliyeunganishwa utumbo, chakula hukutana na majimaji hayo kikiwa kimekwenda mbali, na huenda mafuta mengi yasisagwe. Matokeo yake ni tumbo kunguruma, kuhara, na choo chenye harufu kali kinachoelea na kukataa kushuka kwa maji.

Kwa aliyeachiwa mrija, nyongo hufika pale pale ilipokuwa ikifika. Taabu yake ni kwamba mrija huo ni mwembamba na msukumo ndani yake ni mkubwa. Mafuta hukawiza chakula kutoka tumboni na hulegeza mlango ulio kati ya tumbo na umio. Hivyo asidi hupanda juu na kuleta kiungulia, hasa ukilala mara tu baada ya kula.

Si mafuta pekee

Hata hivyo, mara nyingi mafuta husingiziwa. Unga wa ngano uliolainishwa, kama wa chapati, hujikusanya donge unapotafunwa haraka na kukwama kwenye njia nyembamba. Kuku aliyekaangwa hadi akakauka naye ni mgumu kusagika. Mandazi na mahamri yana sukari pamoja na mafuta, na sukari nyingi ikimwagika ghafla utumboni huleta kizunguzungu, moyo kwenda mbio na kuhara kati ya dakika 10 na 30 baada ya kula. Isitoshe, huenda sukari ya damu ikashuka saa moja hadi tatu baadaye, ukatetemeka na kuhisi njaa ya ghafla. Hali hii ya kumwagika kwa chakula huwapata zaidi waliounganishwa utumbo.

Basi utajuaje kilichokudhuru? Jaribu chakula hicho hicho kikiwa kimepikwa kwa njia nyingine. Ikiwa samaki wa kuchemshwa anakaa vyema na wa kukaangwa hakai, kuna uwezekano mkubwa kwamba tatizo ni mafuta. Ikiwa wote wawili hawakai, angalia namna unavyotafuna, kasi yako ya kula, na kama ulikunywa soda au maji papo hapo.

Usikimbilie karai

Baada ya upasuaji, chakula hurejeshwa kwa hatua. Mwanzo ni vinywaji, kisha vyakula vilivyosagwa, halafu vilaini, na aghalabu mgonjwa hufikia chakula kigumu baada ya wiki sita hadi nane. Kwa wakati huo wote chakula cha kukaangwa hakina nafasi. Hata baada ya hapo, wengi hushauriwa wangoje miezi kadhaa hadi tumbo litulie. Fuata ratiba ya daktari wako wala si ya jirani, kwani huenda yeye alifanyiwa upasuaji wa aina nyingine.

Siku utakapokubaliwa kujaribu, fanya hivi:

Jaribu ukiwa nyumbani, wala si harusini au safarini.

Anza na chakula chenye protini, mathalani kipande cha samaki kilichokaangwa kwa mafuta kidogo, kisichozidi vidole viwili. Ondoa ganda la nje lililonyonya mafuta.

Tafuna kila tonge hadi liwe uji. Weka kijiko chini kabla ya kuchukua tonge jingine.

Usinywe chochote pamoja na chakula. Ngoja nusu saa.

Jaribu chakula kimoja kipya kwa siku, ili kikikudhuru ujue ni kipi. Kikikataa, kiache kwa wiki kadhaa kisha ukijaribu tena.

Epuka chipsi, viazi karai na bajia za mafuta yaliyotumika siku nzima hadi yakawa meusi. Mafuta ya aina hiyo hukera hata tumbo ambalo halijawahi kuguswa na kisu.

Mtego wenyewe

Hapa ndipo penye jambo ambalo wagonjwa wengi hawaelezwi vya kutosha. Baada ya mwaka mmoja hivi, wengi hugundua kwamba wanaweza kula tena vyakula vya kukaangwa bila taabu kubwa. Hufurahi, na wana haki ya kufurahi. Lakini tumbo kuvumilia chakula si sawa na mwili kukihitaji.

Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, ilhali gramu moja ya protini au wanga ina 4. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta kina kalori zipatazo 120, na hakijazi hata pembe moja ya tumbo lako dogo. Chipsi na kaukau huteleza kwa urahisi kuliko kipande cha nyama, kwa hiyo mtu aweza kudonoa kutwa nzima bila kushiba. Ndiyo njia mojawapo ambayo uzani hurudi polepole, pamoja na presha na kisukari alivyodhani ameviacha hospitalini. Kwa sababu hiyo, yule ambaye tumbo lake halilalamiki ndiye anayepaswa kuwa macho zaidi.

Ikumbukwe pia kwamba nafasi iliyomo tumboni ni ndogo. Wataalamu hupendekeza angalau gramu 60 za protini kila siku. Yai moja lina takriban gramu 6. Ukiijaza nafasi hiyo kwa mandazi, mayai, maharagwe, maziwa na samaki vitaingia wapi? Tembe za vitamini na madini ulizoandikiwa nazo ni za maisha yako yote; usiziache kwa kuwa unajihisi mzima.

Jikoni, si lazima kuaga ladha. Kaanga kitunguu na nyanya kwa kijiko cha chai cha mafuta badala ya kumimina kutoka mtungini. Kuku wa kuchoma au wa kuoka bila ngozi, samaki wa mchuzi wa nyanya na ndimu, na omena waliopikwa wakalainika vyote hukaa vizuri kwa watu wengi.

Wakati wa kumwona daktari

Kupungua uzani kwa kasi huongeza uwezekano wa kupata mawe ya nyongo. Ukila mafuta kisha ukashikwa na maumivu makali chini ya mbavu za kulia, yanayopanda hadi begani au mgongoni, usiseme tu kwamba mafuta yamekukataa. Nenda upimwe, hasa ukiwa na homa au macho yakigeuka manjano.

Nenda hospitalini bila kuchelewa ikiwa maumivu ya tumbo ni makali na hayatulii, ikiwa unatapika damu, au ikiwa choo ni cheusi kama lami. Kutapika kwa siku kadhaa mfululizo pia si jambo la kungoja, kwani mwili huishiwa na vitamini B1 na neva zikadhurika. Usinunue tembe za maumivu kama diklofenaki au ibuprofeni dukani bila kumuuliza daktari. Zaweza kukutia vidonda, hasa ikiwa uliunganishwa utumbo.

Na shangazi je? Mweleze mapema, kabla sahani haijapakuliwa, kwamba tumbo lako sasa ni dogo na kwamba kula kidogo si kudharau mikono iliyopika. Omba kipande kidogo cha nyama laini na mchuzi, ukitafune polepole ukizungumza naye. Ni afadhali ale chapati yako yeye huku mkicheka kuliko wewe kuila kwa ajili yake na kuimalizia chooni.