Takwimu za mito: hasara isiyofidika

KATIKA biashara ya maji, takwimu hazina bei sokoni. Hata hivyo, mjenzi wa daraja, kampuni ya bima na mkulima wa umwagiliaji wote huzitegemea.

Nchini Marekani, kazi ya kupima mito hufanywa na USGS, taasisi ya serikali iliyoanzishwa mwaka 1879. Kituo chake cha kwanza kilianza kazi mwaka 1889 huko Embudo, New Mexico, kwenye mto Rio Grande. Sasa vituo vinazidi 8,000.

Mwaka 2013 taasisi hiyo ilitoa mkakati wa miaka mitano hadi kumi wenye majukumu manne: kupima maji, kuelewa mwenendo wake, kutabiri na kuwafikishia watumiaji taarifa.

Kwa nini mipango ya muda mrefu? Mhandisi anayekadiria mafuriko yenye uwezekano wa asilimia 1 kutokea kila mwaka huhitaji kumbukumbu za miaka mingi. Lakini bajeti ya serikali hupitishwa mwaka hadi mwaka, na gharama za vituo vingi huchangiwa na majimbo na miji. Mchangiaji akijitoa, kituo huweza kufungwa. Hata kikifunguliwa tena, miaka iliyopita bila vipimo hairudi.

Hapo ndipo hasara huanza. Daraja likijengwa kubwa kupita kiasi, fedha zimepotea. Likiwa dogo, mafuriko hulisomba. Wahenga walishasema: mali bila daftari hupotea bila habari.