Mtakatifu Barnaba: Mtume Aliyewafungulia Wengine Mlango

Kila mwaka, ifikapo tarehe 11 Juni, Mama Kanisa anaadhimisha kumbukumbu ya Mtakatifu Barnaba, Mtume. Jina lake hutajwa katika Sala ya Ekaristi ya Kwanza, pamoja na Stefano na Mathia, na huenda wengi wetu hulisikia likipita bila kujiuliza alikuwa nani. Hakuwa miongoni mwa wale Thenashara, na hakuna kitabu cha Agano Jipya chenye jina lake. Hata hivyo, Mtakatifu Luka anamwita mtume sawasawa na Paulo (Mdo 14:14). Ni kwa nini Kanisa limempa heshima hiyo?

Mwana wa faraja

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Yosefu. Alikuwa Mlawi, mzaliwa wa kisiwa cha Kupro. Mitume ndio waliompa jina la Barnaba, ambalo Luka analifafanua kuwa ni mwana wa faraja, yaani mtu mwenye kuwatia wengine moyo. Tendo lake la kwanza tunalosimuliwa ni kuuza shamba lake na kuiweka fedha yote miguuni pa mitume kwa ajili ya wahitaji (Mdo 4:36-37). Lakini ukarimu wake mkubwa zaidi haukuwa wa mali. Barnaba alikuwa tayari kuweka rehani hata jina lake jema kwa ajili ya mtu ambaye wengine walimwogopa.

Aliyemdhamini Saulo

Saulo alipofika Yerusalemu baada ya kuongoka, hakuna mwanafunzi aliyethubutu kumkaribia. Tusiwalaumu upesi waamini hao. Saulo alikuwa ameshuhudia na kuafiki kuuawa kwa Stefano, tena alikuwa ameingia nyumba kwa nyumba akiwaburuta watu kwenda gerezani. Wengine waliokuwa wakisali pale yamkini walikuwa na ndugu walioteswa kwa sababu yake. Hofu yao ilikuwa na msingi.

Ndipo Barnaba alipomchukua, akampeleka kwa mitume, akawaeleza jinsi Bwana alivyomtokea njiani na jinsi alivyohubiri kwa ujasiri huko Damasko (Mdo 9:26-27). Tuangalie vizuri alivyofanya. Hakusema kwamba maovu ya Saulo hayakutendeka, wala hakuwaambia wenzake wasahau tu. Alisimama kando yake na kushuhudia kile ambacho neema ya Mungu ilikuwa imekwisha kukitenda.

Baadaye Kanisa la Yerusalemu lilimtuma Antiokia, ambako watu wa mataifa walikuwa wameanza kumpokea Kristo. Alipoiona neema ya Mungu, alifurahi. Kisha, alipotambua kuwa kazi ni kubwa, alisafiri hadi Tarso kumtafuta Saulo, akamleta, wakafundisha pamoja mwaka mzima. Ni katika mji huo wa Antiokia wanafunzi walipoitwa Wakristo kwa mara ya kwanza (Mdo 11:22-26). Walipoanza safari ya kimisionari, Luka aliandika "Barnaba na Saulo". Lakini baada ya Kupro, mara nyingi tunasoma "Paulo na Barnaba". Mwalimu akawa wa pili, mwanafunzi akatangulia. Hatusikii popote kwamba Barnaba alinung'unika.

Ugomvi juu ya Marko

Yohane Marko, binamu yake Barnaba, aliwaacha njiani huko Pamfilia, akarudi Yerusalemu. Maandiko hayatuelezi sababu. Walipojiandaa kwa safari nyingine, Barnaba alitaka kumchukua tena. Paulo akakataa kabisa. Ubishi ukawa mkali hata wakaachana: Barnaba na Marko wakaenda Kupro, Paulo akaondoka na Sila (Mdo 15:36-40). Mitume hawa wawili walikuwa wametoka tu kusimama bega kwa bega katika Mtaguso wa Yerusalemu, wakitetea watu wa mataifa wasilazimishwe kutahiriwa.

Nani alikuwa na haki? Luka hatoi hukumu. Paulo aliona kwamba utume wenye hatari hauwezi kumtegemea mtu anayeacha kazi katikati. Barnaba aliona kwamba anguko moja halitoshi kumfungia mtu maisha yake yote. Kanisa linahitaji uzito wa Paulo na linahitaji pia moyo wa Barnaba. Tena Barnaba hakuwa malaika: Paulo anasikitika kwamba hata yeye aliwahi kuvutwa na unafiki wa kujitenga na Wakristo wa mataifa mezani (Gal 2:13).

Matunda yalionekana baadaye. Katika Waraka wa Pili kwa Timotheo, Paulo anaomba aletewe Marko, kwa kuwa anamfaa katika huduma (2 Tim 4:11). Mapokeo ya Kanisa yanamtambua Marko kuwa ndiye mwandishi wa Injili na mwanzilishi wa Kanisa la Aleksandria, hapa barani Afrika. Barnaba mwenyewe, kadiri ya mapokeo ya kale, aliuawa shahidi huko Salamina, katika kisiwa alikozaliwa.

Somo kwetu

Katika Jumuiya zetu Ndogo Ndogo mara nyingi yupo Saulo na yupo Marko. Yupo aliyewakosea watu waziwazi, akatubu, akapokea Sakramenti ya Kitubio, lakini akiingia kwenye jumuiya watu wananyamaza. Yupo aliyeacha uongozi au kwaya kwa aibu, na anatamani kurudi lakini hajui aanzie wapi. Padre anaweza kumwondolea mtu dhambi kwa mamlaka ya Kristo. Lakini kumshika mkono na kumketisha tena kati ya ndugu ni kazi yetu sote. Busara haikatazwi, hasa panapohusika usalama wa wanyonge, wala haki ya waliokosewa isipuuzwe. Lakini tahadhari isigeuke kuwa kifungo cha maisha.

Mpendwa msomaji, huenda nawe uko kanisani leo kwa sababu zamani kuna mtu alikudhamini. Wiki hii, mtafute yule mmoja ambaye jumuiya yako imemwacha mlangoni, ukaingie naye.

Mtakatifu Barnaba, Mtume, utuombee.