PS2 ikizeeka, ufunguo uwe wa nani?

Mwenye kibanda cha gemu Mombo, pale barabara ya kupanda Soni na Lushoto inapoachana na ile ya Moshi, akiwa bado anategemea PS2, anaishi na mashine ambayo Sony iliacha kuitengeneza tangu mwanzoni mwa 2013. Ilitoka mwaka 2000, zikauzwa zaidi ya milioni 160 duniani. Maradhi yake ya uzeeni yanajulikana na kila fundi: lenzi inachoka, diski haisomeki. Bodi nzima, pedi nzima, ila mashine haina kazi, kwa sababu imeamriwa kulipokea gemu kwa njia ya diski iliyoikubali yenyewe. Nadai kwamba mtengenezaji akishaiacha mashine, kufuli la kuwashia halimlindi tena mtu yeyote, na mwenye mali ana haki ya kulifungua.

Mashine ya gemu ikiwashwa, kinachoamka kwanza ni programu ndogo iliyochomwa ndani ya chipu kiwandani. Hiyo hukagua programu inayofuata, nayo hukagua ijayo, hadi kufikia gemu lenyewe. Isiyo na kibali cha kampuni hukataliwa. Lakini Sony iliiachia PS2 mlango mmoja: ikiwaka, huangalia kama kuna sasisho la mfumo kwenye memori kadi. Mwaka 2008 waandishi wa programu wa kujitolea waliupitia mlango huo wakatoa Free McBoot, inayokaa kwenye kadi na kushika usukani kabla diski haijaguswa. Ukiongeza Open PS2 Loader, gemu linasomwa kutoka kwenye flashi au hadi diski (hard disk), na lenzi iliyokufa haina umuhimu tena. Flashi ina udhaifu wake: USB ya PS2 ni ya kizazi cha kwanza, hivyo video hukwamakwama. Mashine nene za mwanzo, zinazobeba hadi diski ndani, hazina tabu hiyo. Haya kwangu ni matengenezo, sawa na kubadilisha kifaa kilichochoka.

Wapo watakaosema huu ni mlango wa wizi. Hoja hiyo ina uzito, na sitaipuuza: wengi hufungua mashine ili wacheze nakala zisizolipiwa, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya 1999 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu na muziki. Anayechoma nakala na kuziuza anakosa, hata kama hajagusa kufuli lolote. Lakini kosa hilo limo katika nakala. Aliyenunua diski yake halali kisha akaihamishia kwenye hadi diski kwa kuwa lenzi imekufa hajamnyima Konami shilingi. Kampuni hiyo ilitoa gemu la soka la PES 2014 kwa PS2 mwishoni mwa 2013, na baada ya hapo haikuiletea mashine hii toleo jingine.

Pingamizi la pili ni la usalama, nalo ni zito zaidi kwa mashine za sasa zinazobeba akaunti na kadi za benki. Huko kufuli lina faida ya kweli. Ila tusidhani daima linamtumikia mnunuzi. Aprili 2010 Sony ilitoa sasisho namba 3.21 la PS3 lililoondoa uwezo wa kuweka Linux, uwezo ambao watu walikuwa wameuziwa pamoja na mashine. Aliyelikataa alikosa kucheza mtandaoni. Wala kufuli si ngome. Mwaka 2018 mdadisi wa usalama wa mashine, Kate Temkin, alitangaza kasoro katika programu ya kuwashia ya chipu ya Tegra X1 iliyomo ndani ya Nintendo Switch, baada ya kuwaarifu kwanza Nintendo na NVIDIA. Kwa kuwa programu hiyo ilikuwa imechomwa kiwandani, hakuna sasisho lililoweza kuiziba kasoro kwenye mashine zilizokwisha kuuzwa. Wadadisi wa aina yake ndio wanaoonyesha nyufa kabla wahalifu hawajazitumia kimyakimya.

Kampuni ingeweza kutoa ufunguo yenyewe siku inapofunga kiwanda. Sony ilishakaribia hapo: mwaka 2002 iliuza Marekani na Ulaya vifaa rasmi vya kuweka Linux kwenye PS2. Hadi hilo liwe desturi, anayenunua PS2 kuukuu aisome namba iliyo chini yake kabla ya kulipa, maana baadhi ya zile za SCPH-90000, za mwisho kabisa, mlango wa memori kadi umezibwa.